Sabufa ya Kumtafuta Baba

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule moja ya sekondari huko Uriri, na katika ukoo wetu hiyo maana yake ni kwamba kila kitu chenye waya ni changu. Pasi ikiungua, naitwa. Redio ya mjomba ikikohoa, naitwa. Kuna siku nilipigiwa simu nikiwa darasani, nikaulizwa kwa nini mita ya stima inalia, kana kwamba mimi ndiye niliyeizaa. Kwa hiyo mama aliponipigia kutoka kwake Kosele na kuniambia kwamba spika nilizompelekea zimemmeza baba, sikushangaa kulaumiwa. Nilichoshangaa ni aina ya lawama.

Baba alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya hapo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama mtu anayechomoa meno yake mwenyewe. Ukimwamkia alijibu. Ukimuuliza jambo alijibu kesho yake, wakati wewe umeshasahau swali. Mahali pekee alipofungua kinywa bila kulazimishwa ni kanisani. Kulikuwa na kundi la wanaume wanne walioimba bila ala yoyote, kama walivyopenda Wasabato wa rika lao, na baba ndiye alikuwa besi. Katika maisha yao yote walirekodi kanda moja tu.

Kanda hiyo aliitunza jirani yetu, mzee wa kanisa, aliyekuwa akiimba teno. Ndiye pekee aliyebaki katika wale wanne, jambo alilolitaja mara nyingi kwa unyenyekevu mkubwa. Desemba moja aliileta kwa mama ikiwa imefungwa kwenye kitambaa cheupe, na mama akanikabidhi. Nilirudi nayo Uriri, nikaazima redio ya kaseti kwa mwalimu mwenzangu, nikashinda Jumapili nzima nikiihamishia kwenye laptopu yangu ya zamani. Kisha nikampelekea mama laptopu hiyo, pamoja na spika mbili za mezani za kompyuta, zile zinazochomekwa kwenye stima, kila moja ukubwa wa nusu mkate. Nilijiona mtoto mwema kupita wote waliozaliwa Homa Bay.

Tukakaa kusikiliza. Mama alikuwa kwenye nafasi yake, katikati ya sebule, ameielekea meza. Mzee wa teno alikuwa kwenye kochi. Mimi nilisimama kando ya laptopu nikisubiri kushukuriwa. Wimbo ulipoanza, sauti ya mzee ilijaa nyumba, nyembamba na safi, ikapanda hadi kwenye mabati. Mzee akafumba macho.

"Mungu ni mwema," akasema, akijisikiliza.

Mama aliinamisha kichwa upande mmoja mpaka wimbo ukaisha. Halafu akasema, "Wako watatu."

(Nyumbani tunasema Kijaluo. Ninayaandika haya kwa Kiswahili, na mama akijua atauliza ni nani alinipa ruhusa.)

"Mama, ni wanne," nikasema. "Baba ndiye yule wa chini."

"Wa chini wapi? Nimeishi na mtu huyo miaka arobaini na mmoja. Hayumo."

"Dada," mzee wa teno akaingilia kwa upole, "besi ndivyo ilivyo. Besi ni kama fito za ukuta. Kazi yake ni kushika udongo, si kuonekana."

Alisema hivyo kwa amani ya mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye chokaa. Tangu siku hiyo akawa anapita kila Sabato alasiri, baada ya ibada, kumsalimia mjane. Salamu zenyewe zilikuwa dakika mbili, na zilizobaki alijisikiliza. Mama alimpikia chai na kuvumilia, maana mgeni ni mgeni hata akija kujitembelea mwenyewe.

Ndipo ikaja ile simu. Nilianza kumweleza mama habari za mawimbi ya sauti, kwa lugha ile ile ninayowachosha nayo wanafunzi wa kidato cha pili, akanikata.

"Nyara, binti yangu, sikiliza. Uso wake ninao, picha iko ukutani. Sauti ndiyo inanitoka. Jana nilikaa nikajaribu kumsikia akiniita, nikashindwa. Nikasikia sauti ya chifu."

Nilitaka kucheka kwa sababu ya chifu, lakini kicheko hakikutoka. Niliketi kwenye dawati la mwanafunzi nikiwa bado nimeshika chaki, nikalia. Mtu hufikiri kifo huchukua vyote siku moja, kumbe kinarudi tena na tena kuchukua vilivyobaki. Nikaapa kwamba huyo baba atapatikana, hata kama ni kwa kumtafuta kwenye boksi.

Tatizo nililijua. Spika ndogo haina kifua. Sauti nene ya mwanamume huanzia chini sana, na vile vispika vya nusu mkate huanza kusikika pale sauti ya baba ilipokuwa inaishia. Alikuwa ndani ya kanda, amesimama na kuimba kama alivyoagizwa, ila hakukuwa na kitu cha kumtoa nje. Kilichohitajika ni sabufa, boksi la kubeba sauti za chini, na kuliunganisha na vile vispika ili kila upande ule fungu lake: sabufa ibebe chini, spika zibebe juu, pasiwe na shimo katikati wala kugombania.

Kwa mdomo ni rahisi. Siku ya Ijumaa, baada ya vipindi vya asubuhi, nilishuka Migori mjini kwa fundi mmoja mwenye kibanda kilichojaa matumbo ya redio. Ni lazima ieleweke kwamba huku kwetu sabufa ina kazi mbili, baa na matanga. Fundi alinitazama, sketi yangu ya ualimu na miwani, akakata shauri kwamba nimefiwa.

"Pole sana, madam. Mazishi ni lini?"

"Hakuna mazishi. Nataka sabufa ndogo ya kuunganisha na spika za kompyuta. Nataka kusikiliza wimbo wa dini."

"Ya church?"

"Ya nyumbani. Kuna mzee anaimba besi, hasikiki. Nataka sauti yake tu."

"Sauti ya mzee mmoja?" Akacheka. "Madam, hii yangu iko na nguvu ya wazee kumi. Wewe skiza tu."

Akaiwasha. Vioo vya kaunta vikatetemeka, na mwanamke aliyekuwa akipita nje na beseni la dagaa wa omena akaanza kucheza bila kupunguza mwendo. Nikamwambia fundi kwamba ndiyo, ina nguvu, lakini mimi nataka ile inayoweza kupunguzwa. Akanitazama kama niliyeingia buchari kuomba nyama isiyo na nyama. Hata hivyo alinionyesha vidude vitatu vya kuzungusha nyuma ya boksi. Cha kwanza ni cha sauti. Cha pili ni cha kuzidisha mdundo. Cha tatu, ambacho ndicho nilichokuwa nakitafuta, ni cha kuamua sabufa iishie wapi na kuwaachia wenzake. Akanipa na waya wa kugawa, wenye pini moja ya kuingia kwenye laptopu na matundu mawili upande wa pili, moja la spika na moja la sabufa. Nikamwomba anifungie vizuri, nikaenda kununua mkate. Niliporudi boksi lilikuwa limeshafungwa kwa kamba.

Nilifika Kosele jua bado liko juu. Mama alilipokea boksi, akalipangusa vumbi, na kabla sijachomeka waya hata mmoja akalifunika kitambaa alichokishona mwenyewe kwa sindano ya krosheti. Katika nyumba ya mama kitu kisicho na kitambaa kinahesabiwa kuwa uchi. Juu ya kitambaa akaweka maua ya plastiki. Nikayaondoa yote kwa heshima, nikaliweka boksi ukutani karibu na soketi, nikaunganisha, nikabonyeza wimbo.

Sijui niseme nini kilitokea. Nyumba iliguna. Mabati yakaitikia, kuku wakatoka chini ya kabati ambako sikujua kwamba waliruhusiwa kuwa, na kutoka kwenye boksi ikaja sauti moja tu ndefu, kama trekta lililokwama matopeni. Hakukuwa na baba. Hata mzee wa teno hakusikika, nikakiri moyoni kwamba teknolojia ina baraka zake. Nikakimbilia nyuma ya boksi kupunguza. Kidude cha kwanza hakikuzunguka. Cha pili hakikuzunguka. Cha tatu hakikuzunguka. Nikachomoa waya ukutani.

Nilimpigia fundi. "Hivi vidude mbona vimekwama?"

"Hiyo nilikupigia gundi, madam," akasema kwa fahari. "Nimefungua zote full halafu nikapiga gundi. Watoto hushikashika, bass inashuka, alafu mtu anarudi hapa kusema fundi ameuza kitu imekufa. Yako haiwezi shuka."

"Na mimi nilikuambia nataka ishuke!"

"Ulisema hivyo," akakubali, "lakini hakuna mtu hutaka hiyo."

Nilikuwa bado natafuta tusi linalofaa mwalimu nilipoona watu langoni. Wa kwanza alikuwa mama jirani, leso kichwani, mkononi mfuko wa sukari. Nyuma yake wanawake wengine wawili, mmoja ameshaweka mikono kichwani.

"Ni nani?" yule wa kwanza akauliza, akitazama huku na huku kuona kama mama yupo. "Ni nani ametutoka?"

Mdundo ule, saa ile, katika boma la mjane, ungekuwa na maana gani nyingine? Mama alisimama mlangoni akaeleza kwamba hakuna aliyekufa, ni binti yake tu anamtafuta baba yake. Maelezo hayo hayakusaidia. Yule aliyeweka mikono kichwani aliitoa akanitazama kwa huruma niliyoielewa vizuri sana. Sukari iliachwa, maana sukari ya matanga hairudi nyumbani.

Mzee wa teno alifika mwisho, amevaa koti.

"Dada," alimwambia mama, "jua linakaribia kutua, Sabato inaingia, na kwako kunalia disko matanga. Watu watasema nini?"

"Watasema spika zimeharibika," nikajibu mimi.

"Zile za kwanza hazikuwa na kasoro," akasema. "Sauti zilikuwa safi kabisa."

Sauti gani, sikuuliza. Debe tupu haliachi kuvuma, na nyumba ile sasa ilikuwa na mawili.

Siku iliyofuata ilikuwa Sabato. Nilidhani kubandua gundi kwenye kidude ukubwa wa punje ya hindi hakuwezi kuwa kazi, lakini mzee wa kanisa alitafakari na kuona kwamba ni kazi, tena ya ufundi. Basi sabufa ilipumzika kama amri inavyotaka, imefunikwa kitambaa na maua yake, na alasiri mzee alikuja akasikiliza spika ndogo peke yake, macho amefumba. Mama alikaa katikati ya sebule akitazama meza. Alikuwa anajitahidi, nilimwona. Alikuwa anawasikiliza wale watatu kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe upande wa pili. Wimbo ulipoisha aliinuka akaenda kutoa vikombe, na mimi nikaona aibu, maana nilikuwa nimempa matumaini halafu nikamletea trekta.

Jumapili asubuhi nilichukua kisu cha mboga nikapiga magoti nyuma ya boksi. Gundi ya fundi wa Migori, niseme ukweli, ni kazi ya mtu anayeijua gundi. Ilinichukua muda hadi chai yangu ikaota ngozi. Vidude vilipoachia nikavirudisha vyote chini kabisa, nikaanza upya, pole pole. Kwanza nikaziachia spika ndogo ziimbe peke yake. Halafu nikaiinua sabufa kidogo, kidogo tena, mpaka nikaisikia, kisha nikairudisha nyuma nusu ya hapo. Kidude cha tatu nilikizungusha huku na huku: nikikipandisha sana, sabufa inaanza kumwimbia mtu wa baritoni, mwenye sauti ya juu kidogo kuliko baba, na kumfanya aonekane amelewa. Nikikishusha sana, panabaki pengo. Sabufa nzuri ni ile ambayo hujui iko wapi. Ukiisikia kama kitu kingine kando, bado hujaunganisha, umewaweka tu wageni wawili chumba kimoja.

Nilikuwa nimeinama, bega limegusa ukuta, wakati baba alipoingia.

Sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa besi. Huyu alikuwa baba, na ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa neno, kama mtu anayesogeza benchi. Nikamgeukia mama, aliyekuwa kwenye nafasi yake.

"Umesikia?"

Mama alitikisa kichwa. "Bado watatu."

Nilidhani ni ubishi. Nilimwinua kwenye kiti chake nikakaa mimi, nikarudisha wimbo mwanzo. Kweli. Katikati ya sebule baba hakuwepo. Nikisogea mlangoni anakuja nusu. Nikirudi katikati anatoweka. Darasani ninalifundisha jambo hili kwa kuchora ubaoni: sauti nene ni ndefu, na katika chumba kidogo inagonga kuta na kurudi, inagongana na mwenzake. Kuna mahali zinauana na mahali zinajazana, na kwenye pembe ndiko hujazana zaidi. Nilikuwa sijawahi kuona ikimfanyia hivyo mtu ninayemfahamu.

Nikaanza kutambaa. Ndiyo njia iliyopo, unatambaa na sikio lako chumba kizima, pembe hadi pembe, mpaka upate mahali panapojaa. Mzee wa teno, ambaye alikuwa amekuja kuuliza kama jana alisahau miwani, alinikuta kwa magoti na viganja.

"Umepoteza sindano?"

"Nimepoteza besi," nikasema.

Nilimpata kwenye pembe ya mbali, upande wa ndani wa nyumba. Hapo baba alikuwa mzima, kuanzia miguu. Hapo angeweza kusikika hata na mtu aliyeziba sikio moja. Na hapo ndipo kilipokuwa kiti chake.

Kwetu Wajaluo kiti cha mwenye boma si fanicha. Mgeni akiingia anakipita bila kuambiwa. Mtoto akikikalia anainuliwa kwa sikio. Baada ya mazishi kaka yangu mkubwa, aliyetoka Nairobi na suti na mawazo ya kurithi, alijiweka pale dakika mbili hivi, na mama akamtoa kwa mwiko wa ugali mbele ya wakwe zake. Mchungaji mwenyewe alielekezwa kwenye kochi. Na mama, katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa na miwili ya ujane, hakuwahi kukikalia hata mara moja. Alikipangusa vumbi, alikibadilishia kitambaa, akakipita.

"Tukisogeze hiki kidogo," nikasema, "wewe uweke chako hapa."

"Hakisogei."

"Basi kaa juu yake. Wimbo mmoja tu."

"Wewe umerogwa?"

Nikajaribu kuihamisha sabufa badala ya mama. Nikaipeleka mlangoni, chini ya meza, nyuma ya kochi, waya wa ekstensheni umenizunguka miguu. Kila mahali ilikuwa hivyo hivyo, katikati hayupo, penye kiti yupo. Ungesema baba amegoma kuondoka pale. Nikachoka, magoti yakawaka moto, na nikamwambia mama kwamba ni moja kati ya mawili, kiti kihame au yeye akae. Mama akasema hakuna hata moja kati ya hayo mawili. Mzee wa teno akatoa ushauri ambao hakuna aliyemwomba.

"Tuwaache wafu wapumzike, binti yangu. Mama yako anausikia wimbo vizuri. Unasikika."

Hapo nilipandwa na hasira, na sijutii.

"Jaduong', mzee wangu, wewe unajisikia kila Sabato! Unakuja hapa, unanyweshwa chai, unajisikia, unakwenda zako. Huyu anataka kumsikia mtu wake mara moja tu, kabla hajamsahau!"

Sikuwa nimewahi kumpandishia mzee wa kanisa sauti, wala mzee mwingine yeyote, na mama alikuwa akinitazama kwa macho ya mwiko. Mzee alitazama kofia yake. Nilisubiri anitajie mstari wa Biblia unaohusu watoto wakaidi.

"Ni yeye aliyekuwa akitutolea sauti ya kuanzia," akasema hatimaye. "Watu hawajui. Alikuwa akiguna kidogo hivi, mmh, nasi tunaingia. Mimi bila yeye nilikuwa sijui nianzie wapi. Hata sasa nikiimba kanisani naanza juu mno." Akavaa kofia, akaivua tena. "Dada, kaa. Mimi nitashuhudia kwamba hukukaa kwa kiburi."

Mama alisimama muda mrefu mbele ya kiti. Alikiondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka mezani. Akatuambia tutazame ukutani. Tukatazama ukutani, mzee wa kanisa na mwalimu wa kompyuta, kama watoto walioadhibiwa, mpaka tukasikia mbao zikilia.

Nilibonyeza wimbo. Sikumtazama mama mwanzoni. Nilipomtazama alikuwa amekaa ukingoni kabisa, mgongo wima, viganja juu ya magoti, mtu asiyetaka kuchukua nafasi kubwa. Wale watatu wakaanza. Kisha mkono wake mmoja ukanyanyuka ukabaki hewani.

"Ndiye," akasema. "Ana mafua."

"Nini?"

"Siku ile alikuwa na mafua. Nilimpa maji ya ndimu na chumvi, nikamwambia asiende, akaenda. Sikia hapo. Sikia pua."

Alikuwa akicheka na machozi yanamfika kidevuni. Alijisogeza nyuma kidogo kidogo hadi mgongo ukagusa kiti. Mzee wa teno alisimama mlangoni mpaka ubeti wa mwisho, midomo yake ikifuata maneno bila sauti, kisha akatuaga kwa kuinua mkono tu na kuondoka. Miwani yake ilikuwa mfukoni mwa koti muda wote.

Mimi nikaenda jikoni kuchemsha chai. Na kwa kuwa ni mtoto wa mama yangu, nikaanza kunung'unika. Hiyo ndiyo desturi ya mama, mbele ya watu hasemi, ila akiwa peke yake na sufuria anamaliza yote. Nikaiambia sufuria, kwa sauti ya chini kabisa, "Siku tatu. Siku tatu nimetambaa kama mtoto anayeota meno, kumbe alitakiwa kukaa tu. Mwanamke mkaidi kama huyu sijawahi kuona."

"Mkaidi ni nani?"

Sauti ilitokea ukutani. Nilirudi sebuleni nikidhani amenifuata, lakini mama alikuwa bado kwenye kiti, wimbo umeisha. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amegeuza shingo, anatazama ukuta ulio nyuma yake. Ukuta ule ndio wa jikoni, na karibu na dari kuna matundu ya kutolea moshi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyafikiria.

"Rudi," akasema. "Sema kitu. Polepole."

Nilirudi nikasimama karibu na jiko, nikanong'ona kwamba chai imekaribia.

"Ongeza majani," akajibu.

Nikanong'ona chini zaidi kwamba sukari tuliyo nayo ni ya matanga. Akajibu kwamba sukari ni sukari. Kisha nikarudi sebuleni, nikasimama mlangoni.

"Kwa hiyo alikuwa anasikia," mama akasema.

Jikoni mle, kwa miaka arobaini na mmoja, mama alikuwa amesema kwamba ameolewa na jiwe. Alisema dada yake alipata mume anayeongea na yeye akapata kichuguu. Alisema kama mahari ingeweza kurudishwa, ng'ombe angewarudisha mwenyewe kwa miguu. Mwaka ule mifugo ilipoisha kwa ukame alisema, na mimi nilikuwa mdogo nimekaa karibu naye nikipukuchua mahindi, kwamba heri angebaki kwao bila mume. Na jioni ile, kama jioni zote, alimpelekea baba chakula kwenye kiti kile kile, na baba akasema asante.

"Hakunijibu hata siku moja," mama akasema.

Chai ilichemka ikamwagika kwenye makaa, tukaisikia wote wawili, hakuna aliyekwenda kuiepua.

"Niwekee tena," akasema. "Halafu utoke nje, ufunge na mlango."

Nikabonyeza, nikatoka. Nilipokuwa nauvuta mlango baba alikuwa ameshaingia kwenye wimbo, na mama alikuwa ameshaanza kumweleza.